Kutengeneza Mchezo wa Ubao wa Familia Ambao Kila Mchezaji Anaunda Chombo Chake: Mwongozo Kamili

Michezo mingi ya kukusanya vipande na kuunda kitu huwa na kasoro moja: kipande kikishafungwa mahali pake, kazi yake imekwisha. Mchezaji anatupa dadu, anapata kipande, anakipachika, anasubiri zamu. Mtoto wa miaka saba atavumilia hayo mara mbili. Ya tatu ataomba kubaki na kile chombo cha kadibodi achezee peke yake. Mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni tofauti: kila kipande kinachopachikwa lazima kibadilishe kitu katika zamu inayofuata. Usipokuwa na jibu la swali "kipande hiki kinampa nini mchezaji?", kitoe.

Mfano tunaoufuata ni chombo cha tanga, kwa wachezaji 2 hadi 4, kuanzia miaka 7, dakika 40 hivi. Ukitaka nyumba, daraja au roketi, badilisha majina na vipimo. Hesabu zinabaki zilezile.

Anza na karatasi, si kadibodi

Kishawishi kikubwa ni kukimbilia kukata vipande. Subiri. Kanuni zitabadilika mara nyingi, na ukishatumia siku mbili kukata mataruma, yaani mbavu za chombo, hutakuwa na moyo wa kuyatupa. Kwa majaribio ya mwanzo unahitaji karatasi ya kawaida, kalamu, dadu mbili na vifungo vya nguo kama kete. Chombo kinachorwa kwenye karatasi, na mchezaji anapaka rangi kila kipande anachokipata.

Vipande vya chombo na nguvu zake

Chombo kina vipande 8: mkuku 1 (uti wa chini), mataruma 3, shetri 1 (ubao wa nyuma), sitaha 1 (sakafu ya juu), mlingoti 1 na tanga 1. Kila mchezaji anaanza na mkuku mkononi. Usiufanye mkuku kuwa kipande cha kutafutwa, kwa sababu kila kitu kinakaa juu yake. Atakayeukosa kwa zamu nne za mwanzo atakuwa mtazamaji.

Kila taruma linaongeza nafasi moja ya kushika karata. Bila taruma unashika karata 2, ukiwa na yote matatu unashika 5.

Shetri inakinga dhoruba. Inaweza kupachikwa wakati wowote.

Sitaha inahitaji mataruma mawili chini yake. Ikishakaa, unaweza kubadilisha karata mbili kwa moja popote ulipo, bila kufika bandarini.

Mlingoti unahitaji sitaha. Ukitupa karata moja, unaongeza au kupunguza hatua 1 kwenye dadu.

Tanga linahitaji mlingoti. Unatupa dadu mbili na kuchagua moja.

Tazama hesabu ya hizo nguvu mbili za mwisho. Unataka kufika kituo fulani kilicho hatua 2 hadi 5 mbele yako. Kwa dadu moja, nafasi ni 1 kati ya 6, yaani asilimia 17. Ukiwa na mlingoti, namba tatu zinakufikisha, kwa hiyo nafasi inapanda hadi 50. Ukiongeza tanga inakuwa 75. Mlingoti peke yake unazidisha nafasi mara tatu, ndiyo maana tumeulipisha karata. Ukiuacha bure, wa kwanza kuupata hakamatiki tena.

Mpangilio huu wa kutangulia una faida nyingine: kiungo chenyewe ndicho mwamuzi. Mlingoti unapita kwenye tundu la sitaha na kuumana na mkuku, kwa hiyo anayeupachika kabla ya wakati anaonekana mara moja, na hakuna haja ya kugombana.

Kwa nini karata, si mfuko

Wazo la kwanza la kila mtu ni kutia vipande mfukoni na kuchomoa bila kuangalia. Vidole vina macho. Taruma ni fupi na pana, mlingoti ni mrefu, tanga ni laini. Baada ya mchezo mmoja hata mtoto anajua anachoshika. Tumia karata 36 zenye mgongo unaofanana, kisha vipande vya kila mchezaji vikae mbele yake kama bohari. Karata ndiyo kibali cha kupachika.

Mgawanyo wake: taruma 14, shetri 5, sitaha 5, mlingoti 5, tanga 5, bendera 2. Bendera ni karata ya badala: inatumika kama kipande chochote, lakini haina nembo. Ziada ya mataruma mawili, na moja moja kwa aina nyingine, juu ya mahitaji ya wachezaji wanne ni ya makusudi. Ukiweka sitaha nne kamili, mchezaji mmoja anayeshika mbili kwa ukaidi atamfungia mwenzake mchezo mzima. Kwa wachezaji wawili punguza: taruma 8, vipande vingine 3 kila kimoja, bendera 1, jumla 21. Kwa watatu weka taruma 11, vingine 4, bendera 2, jumla 29.

Kila karata isiyo bendera ina nembo moja kati ya tatu: nyota, samaki, wimbi. Taruma ziwe nyota 5, samaki 5, wimbi 4. Zile aina nyingine zigawe 2, 2 na 1, ukizungusha nembo inayopata moja, ili mwishowe kila nembo iwe na karata 11 au 12. Nembo ndizo zinazoleta ukusanyaji wa kweli, kwa sababu sasa taruma la samaki na taruma la nyota si kitu kimoja.

Tatizo la kipande cha mwisho

Hapa ndipo michezo ya aina hii inapokufa, na ni suala la hesabu tupu. Tuseme kuna aina 7 za vipande, kila moja ina nafasi sawa, na mchezaji anachomoa kwa bahati tu. Kwa wastani atahitaji kuchomoa mara 18 kumaliza seti. Kati ya hizo, 7 ni za kipande kimoja cha mwisho, na tatu na nusu ni za kile kilichotangulia. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya mchezo inaishia kungoja vipande viwili. Watu wazima wanaanza kuangalia simu, watoto wanaanza kutupa dadu chini ya meza.

Dawa ni tatu, na zote zinahitajika. Kwanza, soko: karata 4 zimelala wazi katikati ya ubao, na anayestahili karata anachagua mojawapo au anachukua iliyofichwa juu ya rundo. Soko likionyesha karata 3 za aina moja, zote nne zinaondolewa na kuwekwa mpya. Bila kanuni hii soko linajaa mataruma ambayo hakuna anayeyataka. Pili, bandari: toa karata mbili zozote, chukua moja sokoni. Tatu, kumaliza chombo kusiwe ndiko kushinda. Hilo tutalirudia kwenye alama.

Ubao

Njia ina vituo 28 vinavyozunguka ubao wa mraba: kona 4 ni bandari, na kila upande una vituo 6 kati ya kona, yaani shehena 4, dhoruba 1 na mabadilishano 1. Jumla: bandari 4, shehena 16, dhoruba 4, mabadilishano 4. Usiziweke dhoruba mahali pamoja kwa kila upande. Zisogeze, na angalau moja iwe hatua tano au sita mbele ya bandari ili anayeondoka gati awe na la kuhofia.

Ukubwa unaofaa ni sentimita 40 kwa 40: kona za milimita 56, vituo vya kati vya milimita 48. Hesabu yake: 56 × 2 + 48 × 6 = 400. Tumechagua 400 na si 420 kwa sababu ya printa. Robo ya ubao inakuwa milimita 200 kwa 200, inayoingia kwenye karatasi ya A4 na kubakiza milimita 5 kila upande. Printa nyingi za nyumbani hazichapi hadi ukingoni, na ubao wa 420 ungekatwa mstari wa nje.

Bandika kila robo kwenye kadibodi ngumu ya milimita 2. Ili ubao ukunjike, funga viungo vitatu kati ya robo kwa utepe wa kitambaa na uache kiungo cha nne wazi, kuanzia ukingoni hadi katikati. Zile bawaba mbili zilizo kwenye mstari mmoja zikunjwe uso kwa uso, kwa hiyo utepe wake unakaa usoni. Ya tatu inakunjwa mgongo kwa mgongo, utepe unakaa nyuma. Kumbuka hivi: utepe unakaa upande ule unaoukunjia. Ukiuweka upande wa pili, kingo za kadibodi zinagongana na bawaba inachanika.

Kwa dadu moja, wastani wa hatua ni 3.5, hivyo mzunguko mmoja ni zamu 8. Katika mchezo wa zamu 15 mtu angetua bandarini mara mbili tu kwa bahati, ambazo hazitoshi kuponya tatizo la kipande cha mwisho. Kwa hiyo weka kanuni hii: anayepita bandarini anaweza kufunga gati, yaani kusimama hapo na kuacha hatua zilizobaki. Ni sentensi moja, lakini inaleta uamuzi mgumu karibu kila zamu ya pili.

Zamu moja inavyokwenda

1. Tupa dadu, sogeza kete. Ukipita bandari, amua kama unafunga gati.
2. Fuata kituo. Shehena: chukua karata moja. Dhoruba: tupa karata moja ya mkononi, usipokuwa na shetri. Mabadilishano: mpe yeyote ofa ya karata kwa karata, akikataa, chukua ya juu ya rundo kisha tupa moja. Bandari: mbili kwa moja.
3. Pachika kipande kimoja, ukitaka. Karata yake iweke wazi mbele yako.
4. Ukizidi idadi ya kushika, tupa za ziada. Jaza soko.

Kila mchezaji anaanza na karata 2. Kipande ni kimoja kwa zamu hata kama una vitano. Vinginevyo mtu hujificha na karata zake, kisha humaliza chombo kwa mkupuo na wengine hawajui kilichowapata.

Dhoruba isiguse kamwe kilichopachikwa. Mtoto akivunjiwa chombo alichokiunda kwa mikono yake, mchezo umeisha kwake hapo hapo. Na kuna sababu ya kifundi pia: mikato ya kadibodi inalegea kila inapochomolewa.

Muda unapimwa hivi: wachezaji 4 × zamu 15 × sekunde 40 = sekunde 2,400, ambazo ni dakika 40. Ukiona mchezo wako unafika saa nzima, pima kwanza sekunde za zamu moja kabla ya kupunguza vipande. Mara nyingi kinachokula muda ni mabadilishano. Weka mwisho wa ofa moja.

Alama

Anapomaliza chombo mtu wa kwanza, mzunguko unakamilishwa ili wote wawe na zamu sawa, kisha alama zinahesabiwa. Kila kipande kilichopachikwa, bila mkuku, ni alama 1. Wa kwanza kumaliza anapata 2. Nembo iliyo nyingi zaidi katika chombo chako: tatu ni alama 2, nne ni alama 4, tano au zaidi ni alama 7.

Tazama linavyotokea. Aliyemaliza haraka bila kujali nembo ana 7 + 2, na kwa kuwa vipande saba katika nembo tatu lazima vitoe angalau tatu za aina moja, anaongeza 2: jumla 11, kama hakutumia bendera. Jirani yake ana vipande sita tu, lakini vitano ni samaki: 6 + 7 = 13. Aliyechelewa ameshinda. Hesabu hii ndiyo inayomfanya wa mwisho aendelee kutupa dadu kwa hamu.

Kukata chombo

Sasa ndipo kadibodi inapoingia. Kwa seti nzima andaa:

- kadibodi ngumu ya kijivu ya milimita 2, ile ya majalada: karatasi 9 za A4 (4 za ubao, 4 za vyombo, 1 ya akiba)
- karatasi ngumu ya gramu 250: 4 za karata, 1 ya matanga, 2 za vibao vya wachezaji, vya kuwekea vipande na karata mbele ya kila mmoja
- gundi nyeupe ya mbao, utepe wa kitambaa, rula ya chuma, kisu cha kukatia chenye wembe wa kubadilisha, na kitu cha kukatia juu yake

Karata za milimita 63 kwa 88 zinaingia 9 kwenye A4, hivyo 36 zinatoka katika karatasi nne bila mabaki.

Vipimo vya chombo kimoja, kwa milimita:

- Mkuku: 160 × 40. Mikato mitano kutoka juu, kina 20, katikati yake ikiwa 12, 50, 90, 105 na 130 kutoka nyuma.
- Mataruma matatu: 70 × 40 kila moja, mkato mmoja wa kati kutoka chini, kina 20. Yanaingia 50, 90 na 130.
- Shetri: 70 × 55, mkato wa kati kutoka chini, kina 20. Inaingia 12 na kusimama juu ya mengine kwa milimita 15.
- Sitaha: 135 × 70, imechongwa kwenda gubetini, yaani mbele ya chombo, katika milimita 20 za mwisho. Inalala juu ya mataruma, ukingo wake wa nyuma ukigusa shetri. Tundu la mlingoti la urefu wa 21, likikingama upana wa sitaha. Kituo chake kiwe 92 kutoka ukingo wa nyuma.
- Mlingoti: 20 × 150, mkato wa chini wa kina 20. Unaingia 105.
- Tanga: 80 × 90 la karatasi ya gramu 250, lenye michano miwili ya upana wa 21 ya kulipitisha mlingotini.

Mataruma yote yawe kipimo kimoja hata kama chombo cha kweli hupungua mbele. Chombo kitakuwa na mbavu nene kidogo, lakini hakuna atakayebaki akitafuta taruma la pili lilikwenda wapi.

Upana wa mkato ndio unaoamua kama chombo kitasimama. Unatakiwa uzidi unene wa kadibodi kwa sehemu 1 au 2 za kumi za milimita. Ukibandika karatasi ya kawaida pande zote mbili, unene unaongezeka kwa takriban 0.2, na gundi inaongeza tena. Kwa hiyo bandika kwanza, acha ikauke, ndipo upime na kukata. Wengi hukata kwanza na kushangaa kwa nini hakuna kinachoingia. Na usitegemee rula kwa vipimo vidogo hivyo. Chukua ukanda wa kadibodi ileile, usimamishe kwa ubavu juu ya mstari, chora pande zote mbili kwa penseli iliyochongwa vizuri, kisha kata upande wa nje wa mstari. Fanya jaribio kwenye kipande cha akiba. Kiungo kizuri kinaingia kwa vidole viwili bila kadibodi kupinda, na ukishika chombo kwa taruma na kukitikisa, mkuku hauanguki.

Pitisha kisu kwa wepesi mara nne hadi sita badala ya kukandamiza mara moja. Kukandamiza kunapindisha wembe, na ukingo wa chini unatoka na mteremko ambao utalegeza kiungo. Kazi ya kisu ni ya mtu mzima. Watoto wapewe nembo na rangi.

Kadibodi ina mwelekeo wa nyuzi. Ipinde kidogo kwa urefu, kisha kwa upana. Utaona inapinda kwa urahisi upande mmoja. Mlingoti ukatwe ili nyuzi ziende na urefu wake, la sivyo utapinda kwa uzito wa tanga. Kadibodi ikijikunja baada ya kubandikwa, sababu ni gundi iliyovuta upande mmoja: bandika karatasi nyuma pia, kandamiza chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Mikato ikishakubali, paka kingo zake za ndani gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, safu moja nyembamba, acha ikauke. Inazuia nyuzi kuchambuka.

Usitumie sumaku ndogo kushikisha vipande, hata zionekane nadhifu vipi; mtoto akimeza mbili, zinavutana ndani ya utumbo na kuudhuru. Kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitatu, dadu na kete zikae mbali naye. Kipimo kinachotumika kwa vifaa vya watoto wa umri huo ni mcheduara wa kipenyo cha milimita 31.7: kinachoingia chote ndani yake kinahesabiwa kuwa cha hatari ya kukaba.

Kujaribu na kurekebisha

Cheza kwanza peke yako, ukishika nafasi zote nne kwa uaminifu. Andika vitu vitatu tu: zamu ngapi hadi chombo cha kwanza kukamilika, zamu ngapi ambazo mchezaji hakufanya lolote la maana, na tofauti ya alama kati ya wa kwanza na wa mwisho. Badilisha kitu kimoja kila mara. Ukibadilisha viwili hutajua kilichosaidia ni kipi.

Mchezo ukizidi zamu 20, geuza dhoruba mbili kuwa shehena. Ukiisha chini ya 10, ondoa karata za mwanzo. Mtu akikaa na tanga mkononi tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, si bahati mbaya yake. Nafasi za kushika ni chache, anzia 3. Anayetangulia akishinda kila mara, ongeza thamani ya nembo kabla hujagusa nguvu za vipande. Na kama hakuna anayefunga gati, soko lako halina mvuto: hakikisha karata nne zinaonekana na kila mtu, si zimelala upande wa baba mwenye meza.

Jaribio la mwisho ni la maandishi. Kanuni zitoshe ukurasa mmoja. Wape watu ambao hawajawahi kuuona mchezo, kaa pembeni, na usiseme neno. Kila wanapokusimamisha kuuliza, tia alama kwenye mstari waliokuwa wakiusoma.

Kukuza mkusanyiko

Matanga matano ya mwanzo yawe na michoro mitano tofauti, kila moja ikilingana na karata yake. Baada ya hapo, mshindi wa kila mchezo anaweza kuchora tanga jipya na karata yake. Karata mpya ikiingia, moja ya aina hiyohiyo yenye nembo ileile inatoka na kuhifadhiwa sandukuni, ili rundo libaki 36 na hesabu za juu zisivurugike. Tanga jipya likatwe kwa kufuatisha la zamani kama kiolezo, si kwa rula, na mgongo wa karata uchapwe kutoka faili lilelile. Ukichorwa kwa mkono, kabla ya mchezo wa pili watoto watakuwa wanaitambua ikiwa imelala kifudifudi.